Gundi kwenye Kamba Zinazokimbia

Butembo, Jumapili, saa tisa mchana

Masika, binti yangu,

Nimevuta kamba, na tanga limepanda.

Ninaanza na sentensi hiyo kwa sababu sijui niitangulize nini. Utaniwia radhi kwa mwandiko huu usiomfaa mtu aliyetetea mémoire yake ya kumaliza chuo mbele ya maprofesa watatu. Asubuhi ulipoondoka na mama yako kwenda Kipese kumuaga mama yangu, nilibaki nyumbani ili niifunge merikebu ile ndogo ya mfano katika sanduku lake. Nilikusudia kesho, tutakapopita Beni kabla ya kufika uwanja wa Mavivi kwenye ndege yako ya Kisangani, nimrudishie Mama Kahindo merikebu yake jinsi nilivyoamini kwamba ipo: milingoti mitatu iliyonyooka, matanga meupe, na kamba zilizokufa. Nikaondoa kitenge kilichoifunika. Kidole changu kikagusa kamba ya mlingoti wa kati, ileile iliyotuaibisha. Ikateleza. Nikadhani imekatika. Nikaivuta kidogo, na tanga likapanda polepole, likitoa sauti ndogo kama ya panya anayetembea juu ya karatasi. Nikaachia, likashuka.

Niliketi sakafuni, Masika. Kamba ile niliibandika mimi mwenyewe kwa gundi kali, tone moja katika kila tundu, na gundi ile haisamehe. Wewe ulikuwapo, ulinishikia taa. Nikainuka, nikavuta tena. Nikajaribu ya pili, ya tatu, ya mlingoti wa nyuma. Zote zinakwenda. Miti iliyolala juu ya milingoti inageuka kushoto na kulia kama mtu anayetafuta aliyemwita. Hakuna tone la gundi mahali popote. Nimeiangalia kwa lupu, kioo kile cha kukuzia nilichonunua ili nionekane fundi, na hakuna.

Mambo ya sabuni, ya chandarua, ya dawa na ya simu, mama yako amekwambia yote, mengine mara mbili. Mimi nina jambo moja tu, na ni zito kuliko mfuko wako wote.

Unakumbuka siku sanduku lilipoingia nyumbani. Mama Kahindo, mfanyabiashara anayefuata bidhaa hadi China na anayejenga hoteli pale Beni, alikuja nalo yeye mwenyewe, akaliweka mezani. Ndani mlikuwa na vijiti, vitambaa, nyuzi, puli ndogo kama punje za mtama, na plan, mchoro mkubwa wa Kifaransa uliokunjwa mara nane. Marehemu mume wake alifanya kazi bandarini Matadi. Mama Kahindo alitaka merikebu hiyo isimame kwenye mapokezi ya hoteli, kwa heshima yake.

"Ingénieur," aliniambia, "weye ndiye mutu wa plan. Mimi macho inachoka. Unijengee hii bateau."

"Mama, hiyo ni kazi ya siku mbili, tatu," nilijibu.

Ilichukua miezi mitano. Mimi nilizaliwa Kasugho, msituni, ambako mto tunauvuka juu ya gogo. Merikebu ya matanga sijaiona hata mara moja isipokuwa kwenye picha. Lakini nilikuwa nimepata diploma yangu miezi miwili tu kabla, nikiwa na umri wa miaka thelathini na tatu, baada ya kuacha masomo na kuyarudia kwa sababu unazozijua, na kila aliyeniita Ingénieur alikuwa kama amenipa chakula. Tena Mama Kahindo alikuwa na jengo la pili ambalo halijapata msimamizi. Hiyo ndiyo iliyokuwa hesabu yangu ya siri. Sikuwa ninajenga merikebu; nilikuwa ninajenga jina.

Wewe ulikuwa ukijenga merikebu.

Ninakumbuka siku ya kwanza niliposema neno "matanga" mezani, ulivyotupa mkono hewani: "Papa, usiseme matanga kwa sauti! Majirani batasikia, batakuja kukesha na batalia, na batadai chai!" Mama yako alicheka mpaka akaacha ungo. Tangu siku ile humu nyumbani tuliyaita "voile", ili tusiwaite waombolezaji. Ninaandika tena "matanga" hapa, kwa Kiswahili cha vitabu, na bado ninakusikia ukinikataza.

Halafu ikaja siku ya neno lile jingine.

Plan iligawa kamba katika makundi mawili. Kundi la kwanza liliitwa *manœuvres dormantes*, la pili *manœuvres courantes*. Nilisimama mbele ya maneno hayo kama mtu anayefahamu. Neno manœuvre ninalijua tangu chantier yangu ya kwanza ya ujenzi: ndiye yule anayebeba mchanga na kuchanganya saruji, asiyeulizwa kitu. Na courant, kwetu, ni jambo la kila siku, la kawaida. Nikafasiri papo hapo, kwa sauti ya darasani: "Manœuvres courantes, yaani kazi za kawaida, za mapambo. Hizi hazina maana sana. Tutazibandika."

Wewe ulikuwa umepiga magoti juu ya kiti, kidole chako kikifuata mishale iliyochorwa kando ya kila kamba.

"Papa, hapana. Angalia. Hii ya kwanza inalala. *Dormir.* Inashika mulingoti, haitembei. Donc ile ingine inakimbia. *Courir.* Ndiyo maana biko na flèche."

"Masika."

"Na puli, papa? Kama inabandikwa, puli ni ya nini?"

"Nani amesoma hapa, mimi ao wewe? Mutoto wa darasa ya huitième anifundishe Kifaransa?"

Jirani yetu Papa Muhindo, fundi viatu, alikuwa amekaa mlangoni akingoja mvua ipite. Akacheka: "Ingénieur, chunga, huyu atakunyanganya diploma!" Lilikuwa neno la mzaha. Lakini liliniingia mwilini kama mwiba, na kwa sababu ya mwiba huo nilichukua kalamu nyekundu, nikaandika *coller*, yaani bandika, kando ya kila mshale, mmoja baada ya mwingine, ukitazama. Kamusi ilikuwa kwenye rafu, hatua mbili kutoka pale nilipokaa. Nilikuwa nimekwisha kujua kwamba unasema kweli, Masika. Nilijua uliposema neno *courir*. Si kwamba nilikosea halafu nikatambua baadaye. Nilitambua kwanza, halafu nikaandika.

Hilo ndilo ambalo hukulijua hadi leo.

Ninataka nikueleze tabia hiyo ilizaliwa wapi, si kwa kujitetea. Siku ya kutetea mémoire yangu, profesa mmoja aliniuliza msingi wa nyumba ungesimamaje juu ya udongo wa mfinyanzi unaopasuka wakati wa kiangazi. Sikujua. Nilisema kwa dakika tano, kwa Kifaransa kizuri chenye viunganishi vingi, na nilipomaliza ukumbi ulipiga makofi. Uliketi safu ya mbele umevaa gauni la kijani, ukapiga makofi kuliko wote. Siku ile nilijifunza jambo baya kabisa nikiwa nimevaa tai: kwamba sentensi nzuri inaweza kuziba tundu, na hakuna atakayevuta kamba ili aone. Profesa yule hakupiga makofi. Aliandika kitu kwenye karatasi yake na kuniangalia kwa huruma. Nimefikiria macho yale mchana huu wote.

Mama Kahindo alivuta.

Tulipompelekea kazi pale Beni, ukumbi wa hoteli haukuwa na milango bado. Maçons, waashi wake, walikuwa wanachanganya saruji, na waliacha koleo zao wakaja kuona. "Inge ametoa bateau!" mmoja akasema, na mwingine: "Sasa tupandeni, twende Ulaya." Nilifurahi sana kwa dakika mbili. Mama Kahindo alivaa miwani, akainama, akashika kamba ya mlingoti wa kati kwa vidole viwili.

"Bwana wangu alisema hii ndiyo inapandisha voile. Ni kweli?"

"Kabisa, Mama."

Akavuta. Haikwenda. Akavuta tena, na kamba ikang'oka na kipande cha mti, *tak*, ikabaki mkononi mwake.

"Papa Masika. Hii bateau imekufa?"

Maçons walisogea karibu. Wewe ulisimama kando yangu na kisanduku cha vifaa. Nami nikasema, bila kuvuta pumzi, kama neno lilikuwa limekaa tayari kinywani tangu zamani: "Ni mutoto, Mama. Ile sehemu nilimuachia yeye. Alitia gundi bila kuniuliza."

Uliniangalia. Si kwa hasira, ningeijua hasira. Uliniangalia kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Halafu ukatazama mikono yako, ukasema: "Pardon, Mama."

Hukuwa na sababu ya kusema neno lile. Ulilisema kwa ajili yangu, ili nisiaibike mbele ya wafanyakazi, na mimi nikalipokea kama mtu anayepokea kitu chake.

Mama Kahindo akatikisa kichwa. "Batoto ba sasa bana haraka. Na huyu ndiye anaenda kukaa kwa mudogo wangu Kisangani? Nitamupigia amuangalie vizuri." Alimpigia pale pale. Tulimsikia wote wawili: *chunga, ni mutoto wa kufunikafunika.* Tukairudisha merikebu nyumbani, nikaibandika tena kamba iliyong'oka, na ndivyo mambo yalivyokuwa hadi asubuhi hii. Kesho unakwenda kulala katika nyumba ya mwanamke ambaye jambo pekee analolijua juu yako ni uongo wangu. Utakapopoteza kijiko, atasema umekificha. Nilijua hivyo, na bado kwa wiki tatu nilikaa kimya, nikijiambia kwamba mambo ya watoto husahaulika.

Ngoja nikuambie na lile lingine, maana ukianza kuosha huwezi kuacha sahani moja. Katika mwaka wangu wa kwanza chuoni, wewe ulikuwa na umri wa miaka miwili. Mama yako alikuwa mgonjwa wiki nzima, nikaja nawe darasani. Wenzangu walipouliza, nilisema: "Ni mdogo wangu." Ukaniita papa mbele yao. Nikacheka, nikasema watoto huchanganya. Hukumbuki, nami niliona ni bahati kwamba hukumbuki. Kwa hiyo pale Beni haikuwa mara ya kwanza kukuweka kati yangu na aibu. Ilikuwa mara ya pili, na safari hii ulikuwa mkubwa wa kutosha kuelewa.

Sasa niseme nilichokikuta leo baada ya kuinuka sakafuni.

Nilifungua plan. Kando ya kila *coller* yangu nyekundu, kwa penseli, kwa herufi zako ndogo, umeandika: *inakimbia*. Nikafungua mkunjo mwingine. *Inakimbia. Inakimbia. Inakimbia.* Hukufuta neno langu hata moja. Na kwenye kamba moja ya mbele kabisa, ambayo kwa bahati tu nilikuwa nimefasiri vema, umeandika: *hii inalala, papa alisema kweli.* Hapo ndipo nilipolia. Katika makosa yote hayo ulitafuta mahali pa kunipa haki, ukapapata, ukapaandika.

Chini ya plan nilikuta sindano yako ya crochet ya kusukia nywele, na nyuzi zimeshikana na nta kwenye ncha yake. Kipande cha mshumaa wa Pasaka kilichobaki. Na kichupa cha dissolvant cha mama yako, ile dawa ya kufutia rangi ya kucha, kitupu. Nikaelewa harufu. Wiki mbili zilizopita niliingia kutoka kutafuta kazi, nyumba ikinuka dissolvant, nikakufokea mbele ya ndugu zako: "Unajifunza kupaka rangi kucha, na masomo yanakungoja?" Uliificha mikono nyuma ukasema: "Pardon, papa." Kumbe mikono ile haikuwa na rangi. Ilikuwa na gundi yangu, uliyokuwa ukiiyeyusha tone kwa tone, kila nilipotoka kwenda kubisha milango ya watu na diploma yangu kwapani.

Ninaona pia jinsi ulivyofanya, na kama mtu wa ujenzi ninakuvulia kofia. Mimi nilianza na kamba za nje, kwa kuwa ndizo zinazoonekana. Nilipofika ndani, vidole havikupita tena, na ndiyo maana gundi ilinipendeza. Wewe ulitoa zote, ukaanza katikati, karibu na mlingoti, ukaja nje hatua kwa hatua, kila mara ukijiachia njia ya mkono. Uzi umeupitisha kwenye nta usitoe manyoya. Na gundi hukuitupa! Umeitia kidogo kwenye kichwa cha uzi tu, ukakauka ukawa mgumu kama sindano, ukapita kwenye puli, halafu ukakata kile kichwa. Nimekuta vichwa hivyo vidogo vimekusanywa katika kifuniko cha soda. Gundi ileile. Wewe umeitumia kupitisha, mimi niliitumia kuziba.

Ila hili moja ninakuomba ulichukue, kwa sababu nimelilipia: neno "sijui" lisikuogopeshe kamwe, lakini uogope sana siku utakapojua na kunyamaza ili mkubwa asione haya. Pale Beni ulininusuru, Masika. Usininusuru tena hivyo. Wala mimi, wala mwalimu, wala Tantine wa Kisangani utakayekaa kwake, wala mume utakayempata.

Saa nane nilimpigia simu Mama Kahindo. Nimeandika maneno yetu jinsi yalivyokuwa, ili usisikie toleo langu tu.

"Ah, Ingénieur! Kesho munapita?"

"Tunapita. Mama, ile gundi ya bateau. Ni mimi niliitia."

"Rudilia."

"Ni mimi. Mutoto alisema kamba zinakimbia. Nilimufunga mudomo."

Nilisikia sahani zikioshwa upande wake, halafu zikaacha.

"Donc mbele yangu, mbele ya bamaçon, ulimubebesha mutoto."

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi nikapigia mudogo wangu, weye unasimama pale, unasikia?"

"Nilikuwa nasikia."

"Eh, Papa Masika! Usiniambie mimi. Si mimi umeumiza. Kesho saa mbili bamaçon batakuwa pale. Utasema mbele yabo, ile mahali ulisimama. Telefone itakuwa wazi, na mudogo wangu Kisangani atasikia na masikio yake. Kisha nitavuta kamba mimi mwenyewe."

"Itapanda, Mama. Ameitengeneza, karibu yote."

"Nani?"

"Masika."

Na hapo, binti yangu, ninakiri kwamba niliuliza: "Na chantier ya pili, Mama?"

"Weye!" alisema. "Hata leo unauliza?" Akakata.

Ndiyo, hata leo niliuliza. Nimeliacha neno hilo katika barua ili ujue kwamba anayekuandikia hajapona. Chantier nadhani imekwenda. Nimeogopa mambo mengi katika nchi hii, lakini sijawahi kuogopa watu wanne wenye koleo kama ninavyowaogopa wale wa kesho saa mbili. Nitasimama hata hivyo. Sitaleta Kifaransa. Nitasema maneno kumi, kwa Kiswahili, na jina lako litakuwa ndani.

Barua hii nimeiweka chini ya kitenge, juu ya sitaha ya merikebu, kwa kuwa ninajua mtakaporudi, kabla ya kunawa na kula, utakuja kutazama kama nimegundua. Nimegundua. Nimeona pia kwamba mlingoti wa mbele bado una mti mmoja mkubwa usiofungwa, na kamba yake inaning'inia, na kwenye plan umeandika: *hii inaomba batu babili.* Nilijaribu peke yangu mchana huu. Nikishika mti, siifikii kamba. Nikishika kamba, mti unaanguka. Nimejaribu mpaka nikacheka.

Basi usiimalize peke yako kama ulivyofanya nyingine zote. Sijalala, niko jikoni, ninawachemshia viazi. Niite.

Nitashika mti, nami nitanyamaza. Wewe vuta.

Papa yako